Mstari Uliopanda Muyinga

Nitaanza na yule profesa, maana hasira yangu ilianzia kwake, ingawa haikuishia kwake. Alikuwa mwanamume mrefu, mpole wa sauti, mwenye mazoea ya kukaa ukingoni mwa meza yake na kuning'iniza mguu mmoja. Alitufundisha mbinu za ushindani katika shule ya biashara huko Ufaransa, upande wa kaskazini, kwenye mji ambao mvua yake niliizoea upesi lakini baridi yake iliniliza wiki mbili nzima. Mwezi wetu wa kwanza alitutaka kila mmoja aeleze biashara aliyokulia ndani yake. Binti mmoja alieleza mashamba ya mizabibu ya babu yake. Kijana mmoja alieleza hoteli ya familia. Mimi nilieleza meza ya mama yangu ya vitenge, katika soko la Muyinga, kaskazini mwa Burundi.

Nilieleza kwa majivuno, nikidhani nina kitu ambacho wenzangu hawana. Niliwaambia kwamba wanawake wa vitenge sokoni kwetu hukaa safu moja, meza kwa meza, na bidhaa zao karibu zote ni sawa kwa kuwa huzichukua kwa mletaji mmoja. Asubuhi kila mmoja hupanga rundo lake, halafu kile kitenge cha juu kabisa hukigeuza, upande wake wa nyuma uliopauka ukakaa nje. Maana yake ni kwamba bado hajauza. Akishauza kipande cha kwanza, hukigeuza tena, rangi ikaonekana, na hapo husemwa meza yake imefunguka. Sasa yule ambaye meza yake imefunguka, akijiwa na mteja mwingine, kwanza hutupa jicho safu nzima. Akiona rundo la mwenzake bado limepauka, humwambia mteja aende kule, kule kuna nzuri zaidi, hata kama ni uongo mtupu. Ni nadra adhuhuri kumkuta mwanamke ambaye hajafungua. Mama hakunifundisha jambo hilo. Nililikuta, kama nilivyoikuta sala ya alfajiri.

Profesa alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Huyo mteja alikuja kununua kwa nani?"

"Kwa mama."

"Na mama yako akamfukuza."

Akashuka mezani, akaandika ubaoni kwa herufi kubwa: NDIYO MAANA HAWAKUI. Darasa zima likacheka. Na mimi nikacheka. Hilo ndilo lisilonitoka rohoni. Sikunyamaza kwa heshima, wala kwa mshangao. Nilicheka, tena kwa sauti, ili wasije wakadhani sikuelewa.

Hasira ilinijia jioni, nikiwa jikoni kwenye bweni, nachemsha wali. Nilimjibu profesa pale mbele ya sufuria, kwa Kifaransa fasaha ambacho darasani hakikunijia. Lakini hasira hiyo haikudumu, na hapo ndipo ninapojilaumu zaidi kuliko ninavyomlaumu yeye. Miezi ilipita, vitabu vilirundikana, nikaanza kumwamini. Kufika mwisho wa mwaka nilikuwa nimeshamwonea mama huruma. Nilikuwa namwona kama mtu aliyekaa maisha yake yote akivuja, na mimi ndiye niliyetumwa kuziba.

Mwaka wa pili kulikuwa na staji, yaani miezi mitatu ya kufanya kazi kwenye biashara halisi na kuandika ripoti. Sharti lilikuwa moja: mwanafunzi alete badiliko katika biashara ile, apime matokeo, ayaoneshe kwa mchoro. Asiye na matokeo hapati diploma, na mimi nilikuwa nasoma kwa buruse, ufadhili wa masomo ambao ungekatika siku ile ile. Wenzangu walikwenda kwenye benki na makampuni. Mimi kampuni zilinijibu kwa heshima kwamba nafasi zimejaa. Nikaomba kufanya staji kwenye meza ya mama yangu, na profesa akakubali kwa furaha ambayo ingenitosha kuona jambo, kama ningekuwa na macho siku zile.

Nilifika Muyinga mwanzo wa kiangazi. Mama alinipikia ndizi na maharage, akaningoja nile nishibe, kisha akakaa mbele yangu. Baba alifariki nikiwa mdogo, kwa hiyo mambo yote nyumbani kwetu huamuliwa na watu wawili.

"Haya, niambie. Ile masomo yako inataka nini?"

"Inataka uache kubatumia wengine bakiriya," nikamwambia, na bakiriya kwetu ndio wateja. "Miezi tatu tu, mama. Mtu akikuja kwako, muuzie. Usimtume kwa mtu."

"Hata kama mwenzangu hajafungua?"

"Hata kama."

Alikuwa anavuta uzi kwenye pindo la mtandio wake, na nilijua anafikiri, maana hawezi kufikiri mikono ikiwa imetulia.

"Na mi nikikataa?"

"Sipati diploma. Buruse inakatika, narudi hivi hivi."

"Hivi hivi, miaka mbili yote?"

"Yote."

"Bon," akasema. "Mi nitafanya. Lakini we usiende kusema na bajirani wangu. Mi mwenyewe nitabaambia."

Nilifurahi, na nilijipongeza kwamba nimemshawishi mama kwa hoja. Usiku ule niliandika kwenye daftari la staji kwamba mhusika amelielewa jambo na yuko tayari kwa mageuzi. Mhusika! Mama yangu mzazi, aliyeniosha miguu jioni hiyo kwa maji ya moto kwa sababu ilikuwa imevimba kwa safari.

Kwa miezi mitatu nilikaa kwenye kigoda nyuma ya meza, kompyuta mapajani. Mama alitimiza neno lake. Hakumtuma mteja hata mmoja. Wiki ya kwanza mauzo yalikuwa kama siku zote. Wiki ya pili yalisogea. Kuanzia wiki ya tatu wateja walikuja mpaka nikawa napeleka mikono miwili kwenye kukunja na kufunga. Walikuja kutoka mwanzo wa safu, wakipita meza za wengine moja kwa moja bila hata kugusa kitambaa, wakasimama mbele yetu. Nilikuwa nimepanga upya vitenge kwa rangi, vyekundu kwa vyekundu, bluu kwa bluu, kama tulivyofundishwa. Basi nikaandika kwamba mteja anavutwa na mpangilio mpya wa bidhaa.

Niliona kwamba kitenge cha juu cha rundo la mama kinabaki kimepauka kuanzia asubuhi mpaka tunafunga. Siwezi kusema sikukiona, nilikuwa nakitazama kutwa. Nilidhani amekiacha vile kwa kuwa mambo yale yamekwisha na hakuna tena haja ya kukigeuza. Nikaandika, kwa wino mweusi: desturi imeachwa kabisa.

Jirani yetu wa mkono wa kushoto alikuwa mwanamke aliyelelewa Tanzania, kambini, wazazi wake walikokimbilia. Alirudi mtu mzima, akapewa kipande cha shamba nje ya mji, akawa analima siku mbili na kuuza vitenge siku zilizobaki. Kila akitoka shambani alituletea mihogo. Na kila akipita aliniinamia begani akatazama kioo cha kompyuta.

"Masomo yanakwendaje, mwanangu? Yanapanda?"

"Yanapanda, mama."

"Mungu ni mwema," akasema, na akaenda zake kwenye meza yake, ambako kuna siku sikumwona akikunja kitu chochote. Wanawake wengine nao waliniuliza vile vile, kila siku, safu nzima. Nikaona ni adabu tu.

Nilirudi Ufaransa na mchoro wangu. Ulikuwa mstari mmoja mwekundu, unaotambaa kidogo mwanzoni, kisha unapanda. Siku ya kuutetea mbele ya kamati, profesa alisimama na kupiga makofi kabla sijamaliza. Aliniambia nimemkomboa mama yangu. Neno lake hilo, nimemkomboa. Aliomba ruhusa ya kuutumia mstari ule katika somo lake, nikatia saini papo hapo. Nikapata diploma. Nikaipiga picha, nikaituma Muyinga, na mama akaniambia kwamba wameipitisha simu safu nzima, mikononi, mpaka ikaishiwa chaji.

Niliporudi, diploma ile ilinipa kazi Gitega, kwenye shirika lenye ofisi ya vyumba vinne karibu na barabara ya kwenda kwenye wizara. Mkuu wangu alikuwa Mrundi mwenzangu, mwenye suti ya kijivu na simu tatu, na aliipenda ripoti yangu kuliko hata profesa. Aliuchukua mstari wa mama akaufanya mkubwa, akaubandika ukutani, akautuma kwa wafadhili. Tungewafundisha wanawake wa masoko ya nchi nzima kuacha kugawana wateja, na tungeanzia Muyinga. "Ni kwenu," aliniambia. "Watakusikiliza."

Tulingoja siku tatu mpaka gari la ofisi lilipopata petroli. Tulifika, tukapewa ukumbi wa komini, yaani wa serikali ya mitaa, tukafunga mashine ya kuonesha picha ukutani, tukagawa Fanta. Wanawake wa safu yetu walikuwa wamekaa mbele kabisa, wamevaa kama wanakwenda kwenye harusi, na mama katikati yao. Nikaonesha picha ya kwanza, ya pili, kisha mstari mwekundu. Nikaeleza kwamba mwanamke mmoja, hapa hapa, aliacha kuwatumia wenzake wateja, na hiki ndicho alichopata.

Mmoja akacheka kwa pua. Mwingine akaficha mdomo kwa kanga. Cheko likapita safu nzima, si la dharau, lilikuwa cheko la watu wanaojuana. Mama alikuwa anatazama sakafu, mkono kwenye pindo la mtandio.

Jirani yetu akanyanyua mkono, akasimama.

"Mwanangu, naomba niulize. Tumekusikia vizuri. Lakini huo mstari, unafikiri aliyeupandisha ni nani?"

"Mama," nikasema. "Kwa kuacha kugawa wateja."

"Mama yako alikuja kwetu, meza kwa meza. Akatwambia mtoto amepewa mtihani, na asipopata mauzo ya kuonesha wanamnyima cheti. Tukamuuliza tufanye nini. Akasema, mimi nitakiacha kitenge changu kimegeuka asubuhi hadi jioni, ninyi mkikiona mjue bado sijafungua. Basi hatukuwa na la kufanya. Tulikiona kimegeuka, tukamtumia wateja. Kila siku, mwanangu, miezi mitatu. Wengine tulirudi nyumbani bila kufungua, lakini tulikuwa tumekubaliana, usije ukaona vibaya." Akautazama ukuta. "Sasa unatuambia tuache. Tukiacha, mtoto wa mwingine akienda kusoma tutampandishia nini?"

Ukumbi ulicheka mpaka Fanta zikamwagika. Nilisimama pale, mwanga wa mashine usoni, na niliona miezi ile yote ikipita mbele yangu: wateja waliotembea moja kwa moja, mihogo, yanapanda, mwanangu, yanapanda. Vyekundu kwa vyekundu, bluu kwa bluu! Mkuu wangu alinisogelea akaninong'oneza kwa Kifaransa niende kwenye picha inayofuata.

Nyumbani nilimpandishia mama sauti, jambo ambalo sijawahi kulifanya kabla wala baada.

"Mlinidanganya!"

"Nani alikudanganya? We ulisema mi nisitume bakiriya. Nilituma hata mmoja?"

"Lakini wao walikutumia!"

"Hiyo hukunikataza," akasema. "Na sasa unakasirika nini? Si ulipasi?"

Nilitaka kumwambia kwamba kupasi kwenyewe ni kwa uongo, na uongo wenyewe umewatukana. Mstari ule unasema wenzake walikuwa mzigo, kwamba alipowatupa ndipo alipoinuka, na wao ndio waliokuwa wamembeba siku zote, na mimi pia juu yake. Nilimwambia yote hayo. Alinisikiliza, akaniambia nile, chakula kinapoa.

Gitega nilikwenda kwa mkuu nikamwambia mchoro ule ni batili, uondolewe. Alinitazama kama mtu niliyemwomba abomoe ofisi. Wafadhili waliupenda, akasema, wameshausambaza, na kwa vyovyote mauzo yalipanda au hayakupanda? Nikasema yalipanda. Basi, akasema. Aliniondoa kwenye mafunzo akanipa kazi ya kupanga mafaili, na kijana mwingine akapewa mashine na Fanta. Mstari wa mama umeshafika soko la Bugendana, umefika la Itaba, unaoneshwa watu waliotembea saa mbili kwa miguu na mikungu ya ndizi kichwani, wakiambiwa wasisaidiane.

Basi nikaandika barua Ufaransa. Niliiandika kwa siku nne. Nilieleza kila kitu, kitenge kilichogeuka, makubaliano ya meza kwa meza, waliorudi nyumbani mikono mitupu. Nilisema ripoti yangu haina ukweli na diploma niliyopewa kwa ripoti hiyo wana haki ya kuichukua. Nilisema pia, na hapa nilipiga mstari chini, kwamba profesa aliandika ubaoni jambo la uongo kuhusu mama yangu, nami nikamletea ushahidi wa uongo wa kulithibitisha, na naomba alifute mbele ya darasa.

Kumwambia mama kwamba nimeandika ndiko kulikokuwa kugumu. Alikaa chini. Hakunigombeza. Aliniuliza mara moja tu kama wanaweza kuichukua kweli, nikamwambia wanaweza. Toka siku hiyo, kila nikipiga simu, swali lilikuwa moja kabla ya salamu: wamejibu? Wenzake nao walijua. Nilisikia kwamba Waislamu wa safu yetu walikuwa wanaomba dua na jirani yetu ameliwasilisha jambo langu kanisani kwake. Safu nzima ilikuwa na hofu kwamba cheti walichokipigania kitanyang'anywa kwa ukaidi wangu.

Jibu lilinikuta Muyinga, siku ya Jumamosi, nimekaa kwenye kigoda kile kile nyuma ya meza. Lilikuja kwenye simu. Shule ilinishukuru kwa uaminifu wangu, sifa ambayo ilisema inaithamini sana. Ilinifahamisha kwamba matokeo yakishatiwa saini na kamati hayabadilishwi, na kwamba diploma yangu ni halali. Chini kulikuwa na mistari miwili ya profesa mwenyewe. Alisema nisijisumbue, jambo lililonipata ni la kawaida kwa watafiti vijana, kwa kuwa watu wa mazingira yale huwa na tabia ya kumficha mgeni ukweli. Akaongeza kwamba mchoro bado ni mzuri kwa kufundishia.

Niliisoma mara tatu. Mgeni! Nilitamani wakasirike, nilitamani waichukue, wanitukane, waoneshe kwamba ukweli wa safu ile una uzito walau wa karatasi moja. Badala yake walinipigapiga mgongoni, na wanawake walionisomesha wakaitwa waongo.

Mama alikuwa ananitazama usoni. Kitenge alichokuwa anakunja kilikuwa kimebaki hewani.

"Wamejibu?"

"Wamejibu."

"Waliichukua?"

"Diploma? Hapana. Iko yangu."

"Alhamdulillahi!" Alilitamka kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake sokoni. Akageukia kushoto, akageukia kulia. "Hawakuichukua! Wamemwachia!"

Kigelegele cha kwanza kilitoka kwa jirani yetu, cha pili kikatoka meza ya nne, kisha safu nzima ikasimama. Waliacha wateja wamesimama na vitambaa mikononi. Mwanamke mmoja mpita njia aliuliza ni harusi ya nani. Nilipanda juu ya kigoda, nikapaza sauti kwamba si habari njema, nisikilizeni, bado wanaufundisha ule uongo, tena wamewaita ninyi waongo, ninyi! Hakuna aliyenisikia. Jirani yetu alinishika mkono, machozi yanamtoka, akanishusha polepole.

"Acha kelele, mwanangu," akasema. "Umefaulu mara ya pili."